Kutoka Mannheim hadi Trieste: Safari ya Gari Juu ya Milima ya Alpi

Siku ya kwanza: Mannheim – Wiesloch – Pforzheim – Korntal

Niliondoka Mannheim Jumamosi asubuhi, mwezi Septemba, majira ambayo wingi wa watalii wa kiangazi umeshapungua na njia za juu za Alpi bado hazijafungwa na theluji. Gari langu ni dogo, la petroli, la gia za mkono, nililolinunua likiwa limeshatumika. Nyuma nilikuwa nimepakia hema, blanketi mbili, jiko dogo la gesi, chapati za kutosha, pamoja na vifaa ambavyo sheria ya Ujerumani inamtaka kila dereva awe navyo, yaani pembe tatu ya tahadhari, sanduku la huduma ya kwanza na kizibao chenye kung'aa gizani. Nilijiwekea sharti moja tu kwa safari nzima: kila mahali penye handaki na barabara ya zamani inayopanda mlima, nitapita juu. Handaki humwokolea msafiri saa nzima, lakini humpitisha gizani chini ya kazi za watu waliozifungua njia hizo, na mimi habari za watu hao ndizo nilizozitaka.

Kuanzia Mannheim kulikuwa na maana yake. Agosti 1888, alfajiri, Bertha Benz alitoka katika mji huu kwa gari la magurudumu matatu lililoundwa na mumewe, Carl Benz, bila kumuaga mume huyo, akiwa na wanawe wawili, Eugen na Richard. Alikuwa anakwenda Pforzheim kwa mama yake, mwendo wa kilomita 100 na ushee, na hadi siku hiyo hapakuwa na mtu aliyewahi kusafiri umbali wa namna hiyo kwa gari la injini. Mafuta yalipomwishia pale Wiesloch aliingia duka la dawa akanunua ligroini, kimiminika ambacho watu walikitumia kuondolea madoa, na ndiyo sababu duka hilo hutajwa kuwa kituo cha kwanza cha mafuta duniani. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Breki za mbao zilipolika alimwomba fundi viatu azivishe ngozi. Na kwenye milima vijana walishuka wakasukuma. Kwa maoni yangu huyu ndiye aliyefanya jaribio la kweli la gari, kwa sababu mumewe alijua kuunda, lakini mwenyewe hakuthubutu kulipeleka mbali.

Njia yake leo imewekewa vibao, nami niliifuata kwa mwendo wa pole kupitia vijiji vyenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, na sehemu nyingine 30. Hapo ndipo dereva aliyejifunzia Tanzania huulizwa maswali na kichwa chake mwenyewe. Kipilefti kinazungukwa kinyume na tulivyozoea, na katika mitaa isiyo na alama yoyote anayetoka kulia ndiye mwenye haki ya kupita, hata kama yuko kwenye kichochoro. Leseni ya Tanzania hutambuliwa Ujerumani kwa miezi sita tangu mtu ahamie. Baada ya hapo hana budi kufanya mtihani wa nadharia na wa vitendo, na mkaguzi wa mtihani humwangalia sana kwenye kanuni hiyo ya kulia.

Jioni nilifika Korntal, mji mdogo kando ya Stuttgart. Mimi ni mzaliwa wa Machame, na mtu wa Kilimanjaro akipita hapa ana jambo la kutazama: katika makaburi ya zamani ya mji huu wamezikwa Johannes Rebmann, aliyefariki mwaka 1876, na Ludwig Krapf, aliyefariki mwaka 1881, wamisionari wawili waliokuwa Rabai, karibu na Mombasa. Rebmann alizaliwa Gerlingen, mwendo mfupi kutoka hapo. Tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, akaandika alichokiona, na wasomi waliokuwa London wakambishia kwa miaka mingi kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Njia ya kutoka pwani hakuitafuta yeye. Aliongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyeifahamu nchi ya Wataita na ya Wachaga kabla mgeni huyo hajaijua, na wapagazi ndio waliobeba mizigo.

Siku ya pili: Korntal – Schaffhausen – Göschenen – Andermatt

Barabara ya A81 inashuka kusini moja kwa moja, na sehemu zake nyingi hazina kikomo cha mwendo. Serikali inashauri kilomita 130 kwa saa, lakini ushauri si amri, kwa hiyo gari linalokwenda 200 hutokea kwenye kioo kabla hujamaliza kulipita lori. Dawa yake ni kukaa kulia muda wote na kutoka kushoto kwa ajili ya kupita tu, kisha kurudi bila kuchelewa. Wajerumani wengi huishika kanuni hii, na bila shaka ndiyo inayoifanya kasi ile ivumilike.

Kabla ya Schaffhausen nilikata kwenda Büsingen, kijiji cha Ujerumani kilichozungukwa na Uswisi pande zote. Mtu hutoka Ujerumani, huingia Uswisi, kisha huingia tena Ujerumani, na bei madukani zimeandikwa kwa faranga. Sikukaa sana.

Uswisi imo katika eneo la Schengen, yaani nchi zilizoondoa ukaguzi wa kawaida wa watu kwenye mipaka ya baina yao, tangu 2008, lakini haimo katika Umoja wa Ulaya wala katika umoja wake wa forodha, hivyo mpakani maofisa huangalia bidhaa kuliko wanavyoangalia watu. Ofisa aliniuliza kama nimebeba nyama, maana mtu mmoja anaruhusiwa kilo moja tu. Nilimwonyesha chapati na maharage, akanipungia mkono nipite. Kinacholipwa hapo ni stika ya barabara za kasi, faranga 40, na hakuna ya siku moja wala ya wiki: anayepita mara moja hulipa sawa na anayezitumia mwaka mzima. Wapo wanaolalamika, lakini mimi naona utaratibu huo una faida ya kutomsumbua dereva kwa vibanda vya malipo njiani.

Nilisimama kwenye maporomoko ya Rhine, yenye upana wa mita 150 na kimo cha mita 23, nikala chakula cha mchana huku manyunyu yakinilowesha. Nilipita Zürich bila kuingia mjini. Baada ya Brunnen nilifuata Axenstrasse, barabara iliyochongwa kwenye mwamba juu ya ziwa katika karne ya 19, mkono mmoja jabali na mkono wa pili maji.

Göschenen ni mahali pa handaki, na watu wengi hawaufahamu mji huo kwa lolote jingine isipokuwa foleni. Juu yake kuna bonde jembamba la Schöllenen, ambalo kwa karne nyingi ndilo lililowazuia watu kuvuka Alpi mahali hapa. Hadithi ya wenyeji inasema waliposhindwa kujenga daraja walimwita shetani awajengee, naye akataka roho ya kwanza itakayovuka. Daraja lilipokwisha walimtanguliza beberu. Shetani kwa hasira akabeba jiwe ili alivunje daraja, lakini bibi kizee mmoja akachora msalaba juu ya jiwe lile na shetani akashindwa kulinyanyua tena. Jiwe lenyewe lipo Göschenen mpaka leo, na miaka ya 1970, barabara ya kasi ilipotakiwa kupita pale, wahandisi walilihamisha mita 127 badala ya kulivunja. Nimeipenda habari hiyo kuliko hadithi yenyewe. Nchi inayojulikana kwa mahesabu makali ilitoa fedha kulisogeza jiwe la shetani.

Nililala Andermatt, na usiku baridi ilinishawishi kuliacha hema kwenye buti na kulipia kitanda katika nyumba ya wageni.

Siku ya tatu: Andermatt – Gotthard – Airolo – Como

Chini ya mlima wa Gotthard kuna njia tatu zilizotobolewa. La kwanza ni handaki la reli la kilomita 15, lililofunguliwa mwaka 1882. La pili ni la magari, kilomita 16.9, lililofunguliwa mwaka 1980. Na la tatu ni la reli tena, lenye kilomita 57, lililoanza kutumika mwaka 2016. Handaki la magari lina njia moja tu kwenda na moja kurudi. Oktoba 2001 malori mawili yaligongana ndani yake, moto ukazuka na watu 11 wakafariki, na tangu hapo malori huingizwa kwa vipimo ili yaachane umbali wa kutosha.

Mimi nilipanda juu. Kilele cha njia kiko mita 2,106, penye vidimbwi vya maji, jumba la wageni na upepo usio na huruma. Upande wa kusini kuna barabara ya kasi ya milimani, na pembeni yake ile ya zamani iitwayo Tremola, yenye kona 24 za kujikunja, iliyotandikwa mawe ya matale yaliyochongwa kwa mkono. Niliishuka kwa gia ya pili, na palipokuwa pamekaza sana kwa gia ya kwanza, maana anayetegemea breki peke yake kwenye mteremko kama ule huzichosha kabla hajafika chini. Gari lilikuwa linatetemeka juu ya mawe mpaka sufuria zikawa zinaimba nyuma. Waendesha baiskeli walikuwa wanapanda huku wakihema, nami niliwapisha kila kona, kwa kuwa kwenye barabara ile wao ndio wenye kazi ngumu zaidi.

Airolo, chini kabisa, nilisimama stesheni. Hapo pana mchongo wa shaba uliotokana na kazi ya Vincenzo Vela, ukionyesha wafanyakazi wakimbeba mwenzao juu ya machela, kwa kumbukumbu ya waliokufa wakichimba handaki la kwanza la reli. Kumbukumbu rasmi zinataja vifo 199, wengi wao Waitaliano, kwa baruti, mawe na maji, mbali na waliokufa baadaye kwa maradhi waliyoyapata humo ndani. Mwaka 1875 wafanyakazi waligoma pale Göschenen, na askari wa mgambo wakawapiga risasi wanne wakafa. Mkandarasi mwenyewe, Louis Favre, alianguka akafa ndani ya handaki mwaka 1879 na hakuiona siku ya kukutana kwa pande mbili. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokaa kileleni. Treni zilikuwa zinapita, na abiria ndani yake walikuwa wanatazama simu, jambo ambalo hata mimi ningelifanya.

Kutoka Airolo lugha ya vibao ni Kiitaliano ingawa nchi ni ileile. Niliteremka hadi Bellinzona na ngome zake tatu, nikavuka mpaka Chiasso bila kuulizwa chochote, nikalala Como.

Siku ya nne: Como – Milano – Verona – Trieste

Hii ilikuwa siku ya kulimeza lami, na sina mengi ya kuieleza isipokuwa jambo moja. Barabara inayotoka Como kuelekea Milano ni tawi la barabara ya kasi ya kwanza duniani iliyojengwa kwa ajili ya magari peke yake. Piero Puricelli, mhandisi wa Milano, ndiye aliyeibuni, na sehemu ya Milano hadi Varese ilifunguliwa Septemba 1924, wakati ambapo Waitaliano wenye magari walikuwa wachache sana. Alijenga kwanza, magari yakaja baadaye, na kuanzia siku ile dereva alilipa ili kupita. Hadi leo Italia haina stika: dereva huchukua tiketi langoni, na anapotoka hulipa kulingana na umbali. Mgeni awe macho na njia ya manjano iliyoandikwa Telepass, kwa kuwa ni ya wenye kifaa maalumu tu. Ya fedha taslimu na ya kadi ziko kando, zimechorwa alama zake.

Niliingia Verona kwa chakula cha mchana, na gari nikaliacha nje ya mji mkongwe. Miji mingi ya Italia ina maeneo yaliyofungwa kwa magari ya wasio wakazi, yakilindwa na kamera, na faini humfuata mtu nyumbani kwake kwa posta hata akiwa nchi nyingine. Kituo cha mafuta nacho kina mtego wake mdogo: pampu ya kujihudumia na pampu ya kuhudumiwa zinasimama bega kwa bega, na ya pili bei yake ni kubwa zaidi kwa lita ileile ya petroli.

Baada ya Venezia nchi ni tambarare, malori ni mengi, na macho huanza kuwa mazito. Anayesafiri peke yake hana wa kumpokea usukani wala wa kumsemesha, kwa hiyo nilijilazimisha kusimama kila baada ya saa mbili, nikatembea na kunyoosha miguu. Jua lilikuwa linatua nilipotokeza juu ya bahari, na Trieste ikaonekana chini ya majabali ya chokaa.

Siku ya tano: Trieste

Sikuligusa gari. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki angeuelewa mji huu upesi: ni bandari inayoishi kwa bidhaa za watu wa mbali, yenye makanisa ya Waserbia na ya Wagiriki, sinagogi kubwa na lugha zaidi ya moja sokoni. Uwanja wake mkuu una majumba pande tatu, na upande wa nne ni bahari tupu. Mwaka 1719 mfalme mkuu Karl wa 6 wa Austria aliutangaza kuwa bandari huru, bintiye Maria Theresa akaupanua, na hadi 1918 hapa ndipo palipokuwa bandari kuu ya himaya ya Austria.

Jina la Maria Theresa si geni kwetu. Sarafu ya fedha yenye sura yake na mwaka 1780 iliendelea kupigwa muda mrefu baada ya kifo chake, ikasafirishwa kupitia Bahari ya Shamu, na katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Zanzibar waliitumia katika biashara ya pembe, karafuu na, kwa masikitiko, watu. Katika miaka ya 1950 meli za Lloyd Triestino zilitoka hapa kupitia Suez zikitia nanga Mombasa. Nilitembea gatini nikilifikiria hilo, na mvuvi mmoja mzee akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Tanzania alitaja "Dar es Salaam" kwa matamshi mazuri kabisa, akaendelea na ndoano zake bila kunieleza aliyajuaje.

Kahawa ndiyo shughuli ya mji. Bandari hii hupokea magunia kutoka nchi nyingi, na Uganda, ambayo kahawa yake nyingi ni robusta kama ya ndugu zetu wa Bukoba, kwa miaka ya karibuni imekuwa ikiiuzia Italia kuliko nchi nyingine. Lakini kuagiza kikombe Trieste kunahitaji kufundishwa. Kahawa nyeusi fupi huitwa "nero". Yenye tone la maziwa huitwa "capo". Na "capo in b" ni hiyohiyo ndani ya bilauri. Mama wa baa, baada ya kunisikiliza nikijaribu, alinisahihisha mara mbili kwa subira, kisha akanipa kile alichoona kinanifaa. Kilinifaa.

Siku ya sita: Trieste – Gorizia – Kobarid – Vršič – Kranjska Gora

Mpaka uliochorwa baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1947, uliukata mji wa Gorizia: mji mkongwe ukabaki Italia, na stesheni ya reli ya kaskazini ikaangukia Yugoslavia, ambako pakajengwa mji mpya wa Nova Gorica. Mbele ya stesheni hiyo kuna uwanja ambao mstari wa mpaka unapita katikati yake. Uzio uliondolewa mwaka 2004, Slovenia ilipoingia Umoja wa Ulaya, na mwaka 2025 miji hiyo miwili ilikuwa kwa pamoja Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya. Nilisimama mguu mmoja kila nchi kama wafanyavyo wageni wote, nikaendelea na safari. Slovenia pia ina stika kwa barabara za kasi, na faini ya kutokuwa nayo inaanzia euro 300, lakini niliyoifuata ilikuwa barabara ya kawaida isiyolipiwa. Sharti lake ni taa kuwashwa mchana kutwa.

Mto Soča una rangi ya kijani ambayo picha hazijaitendea haki. Katika bonde lake, kati ya 1915 na 1917, majeshi ya Italia na ya Austria yalipigana mara kumi na mbili, na pambano la mwisho lilianzia Kobarid Oktoba 1917, Waitaliano wakavunjika. Nililitembelea jumba la makumbusho pale mjini, nikaondoka na uzito moyoni.

Uzito huo ulinifuata hadi Vršič. Njia hiyo ya mita 1,611 ina kona 50, kila moja na kibao chenye namba yake, na anayetoka kusini huanza na ya 50 akihesabu kurudi nyuma. Ilijengwa na wafungwa wa kivita Warusi, maelfu yao, kwa amri ya jeshi la Austria lililohitaji kupeleka chakula na risasi Soča. Machi 1916 poromoko la theluji liliwafukia wafungwa zaidi ya mia moja pamoja na walinzi wao. Wenzao walijenga kanisa dogo la mbao, na bado lipo, karibu na kona ya 8, likitunzwa vizuri. Miaka ileile, kwetu, makumi ya maelfu ya wapagazi walikuwa wanakufa kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani. Hao wengi wao hawana hata kibao kwenye kona.

Upande wa kaskazini kona zote zimetandikwa mawe, na mvua ilikuwa imeanza. Nilishuka polepole mno, na magari yaliyokuwa nyuma yangu yalisubiri bila kupiga honi.

Siku ya saba: Kranjska Gora – Villach – Heiligenblut – Bruck

Kwa kulishika sharti langu nililikwepa handaki la Karawanken nikavukia njia ya Wurzen, ambayo upande wa Austria ina mteremko wa asilimia 18. Ni mfupi, na hakuna haja ya kuuogopa ikiwa gia iko chini tangu mwanzo. Villach nilinunua stika ya Austria ya siku kumi kwenye kituo cha mafuta, nikafuata bonde la Möll hadi Heiligenblut.

Barabara ya Grossglockner ina kilomita 48 na kona 36, na ada ya kuipita kwa siku inazidi euro 40 kwa gari. Ilijengwa kati ya 1930 na 1935 chini ya mhandisi Franz Wallack, nchi ikiwa imezama katika ukosefu wa ajira, na serikali iliitumia kuwapa kazi watu waliokuwa hawana kitu. Tangu mwanzo haikuwa barabara ya jeshi wala ya biashara. Ilikusudiwa watalii walipe, na wanalipa mpaka leo. Nilipanda hadi kwenye roshani ya Kaiser-Franz-Josefs-Höhe, mita 2,369, ambapo mlima Grossglockner, wenye mita 3,798, unasimama mbele ya macho na barafu ya Pasterze iko chini yake. Mwaka 1963 lilijengwa gari la kamba la kuwashusha watu hadi ukingoni mwa barafu hiyo. Sasa anayeshuka huko hutembea bado juu ya mawe matupu, akipita vibao vinavyoonyesha barafu ilipokuwa mwaka fulani na mwaka mwingine. Wanyama wadogo wa milimani, wanono, wanaofanana na pimbi wa kwetu, walikuwa wanaota jua mahali palipokuwa barafu.

Nilimtumia picha mdogo wangu, ambaye kazi yake ni kuwapandisha wageni Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Alinipigia papo hapo.

"Dada, hiyo ni barafu au ni uchafu?"

"Ni barafu. Imefunikwa na vifusi."

"Basi ni kama yetu. Barafu ya Furtwängler kule Kibo siku hizi wageni wananiuliza iko wapi, na tumesimama kando yake." Kisha akaniuliza kama nimekula, na kama breki ni nzima.

Nilivuka Hochtor, mita 2,504, jua likiwa limeinama, nikateremka Bruck.

Siku ya nane: Bruck – Hallein – Rossfeld

Kati ya Austria na Ujerumani hapakuwa na ukaguzi kwa miaka mingi, lakini Septemba 2015 Ujerumani ilianza kuukagua mpaka huo, na Septemba 2024 ikaanza kukagua mipaka yake yote ya nchi kavu. Kwenye barabara ndogo inayotoka Hallein askari wawili walinisimamisha, wakatazama pasipoti ya Tanzania na kadi ya ukaazi, wakauliza natoka wapi na nimekwenda kufanya nini. Nilipotaja Gotthard, Vršič na Grossglockner mmoja wao alitabasamu, akasema naye huzipita kwa pikipiki. Magari mawili yaliyonitangulia yalikuwa yamepungiwa mkono bila kusimama. Mwenye kadi kama yangu aiweke pasipoti mahali pa kuifikia, si chini ya mizigo.

Niliegesha kwenye barabara ya Rossfeld, nikapanda kwa miguu hadi Purtschellerhaus, kibanda cha wapanda milima kilichoko mita 1,692. Mpaka wa nchi mbili unapita ndani ya nyumba yenyewe. Kimepewa jina la Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa Salzburg, ambaye tarehe 6 Oktoba 1889 alifika kilele cha Kibo pamoja na Hans Meyer wa Leipzig. Huko Marangu hutajwa pia Yohani Kinyala Lauwo kuwa mwongozaji wao. Nilimweleza mhudumu kwamba mlima huo unaonekana kutoka nyumbani kwetu, naye akaniletea bakuli la pili la supu bila kuliandika kwenye hesabu.

Siku ya tisa: Berchtesgaden – München – Stuttgart – Mannheim

A8 siku nzima, na foleni ndefu kabla ya München. Kwenye hesabu zangu, stika na ada za njia zilikaribia nusu ya fedha nilizotumia kwa petroli, na ya Grossglockner pekee ilizidi ya Uswisi. Stika ya Uswisi lakini inaendelea kutumika hadi 31 Januari. Njia ya San Bernardino, hukohuko Uswisi, mita 2,066, nayo ina handaki chini yake, na kwa kawaida huwa wazi mpaka theluji nzito ianguke. Nimeshamwomba msimamizi wangu siku mbili za likizo mwezi Oktoba, na tairi za baridi nimeziagiza.